Pigo Lisilobisha Hodi

Mwaka 1930 ukielekea ukingoni, tauni iliingia Gikondi, huku Mukurweini, kusini mwa Nyeri. Miongoni mwa waliougua alikuwa mwalimu wa shule. Watu walimwogopa mgonjwa wa tauni, na hofu yao ilikuwa na sababu, kwa maana ugonjwa ule uliua kwa siku chache na dawa ya uhakika ya kuutibu ilikuwa bado haijapatikana. Sista Irene Stefani wa shirika la Konsolata aliingia alimolala mwalimu huyo, akamuuguza, akawa naye hata alipokata roho. Siku si nyingi baadaye tauni ikamshika yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Watu wa Gikondi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma, walibaki kumlilia.

Kifo hicho hunijia akilini kila ninapomsikia mtu akimwambia aliyefikwa na msiba, "Wewe mtegemee Mungu tu." Maneno hayo husemwa kwa upendo, nami nimeyasema. Lakini Nyaatha alimtegemea Mungu kuliko wengi wetu tutakavyowahi kumtegemea, na tauni haikumpisha. Ajali haina kinga, walisema wahenga, na hawakuwatenga wacha Mungu. Kama imani ingekuwa ni hirizi ya kuzuia mabaya yasimguse mtu, kaburi la mtawa huyo lisingechimbwa mapema vile.

Basi tunaahidiana nini tunapoambiana tumtegemee Mungu? Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Ni la mama wa Rugi aliyepigiwa simu usiku kwamba mwanawe aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi amegongwa na gari. Ni la baba aliyeingia hospitalini akilalamikia mgongo, akatoka na jina la ugonjwa ambalo hakuwahi kulitamka. Ni letu sote tunaoishi juu ya miteremko hii, ambako masika yakizidi kipimo ardhi huweza kuteleza usiku mmoja ikashuka bondeni na mikahawa, boma la ng'ombe na ukuta wa jikoni. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha, upande wa Kieni katika kaunti yetu hii ya Nyeri, na watoto 21 wakapoteza maisha. Wazazi wao waliwapeleka shule wakiwa wazima, na sanduku zimefungwa vizuri. Pigo la namna hiyo halibishi hodi. Halimuulizi mtu kama amesali asubuhi.

Nianze na yale ambayo imani haisemi, kwa sababu mara nyingi mfiwa huumizwa mara mbili, kwanza na msiba, kisha na wafariji. Wapo wanaomweleza kwa uhakika kwamba Mungu ndiye aliyepanga bweni liungue, kana kwamba walikuwapo kwenye mpango huo. Wapo wanaomwambia mgonjwa kwamba angekuwa na imani ya kutosha angekwisha kupona. Kitabu cha Ayubu kiliwaona watu hawa zamani sana. Rafiki zake watatu walipofika na kumwona alivyoharibika, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyofanya. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa lililomletea balaa, waliharibu kila kitu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, wala si Ayubu aliyelia, akalalamika na kutaka kujibiwa. Mkristo anayekwenda matangani ingefaa aanze kwa kukisoma kitabu hicho mpaka mwisho.

Na lipo kosa kubwa zaidi. Mwezi Aprili 2023 nchi ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ilizidi 400. Waliokufa mle walifundishwa kwamba njaa ni njia ya kumwona Yesu, kwamba shule na hospitali ni za shetani. Hatuwezi kuzungumzia kumtegemea Mungu katika nchi hii tukaruka jambo hilo kama halikutokea. Kuna mafundisho yanayoitwa imani ilhali yanamfungia mtu mlango wa dawa, wa chakula na wa jirani. Kipimo cha kuyatambua ni chepesi: imani inayomtenga mgonjwa na wale wanaoweza kumsaidia haitoki kwa yule aliyewagusa wenye ukoma kwa mkono wake mwenyewe.

Nyaatha hakuwa na imani ya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akafika Kenya mwaka 1915 vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimekwisha kuwaka. Serikali ya kikoloni iliwachukua Waafrika kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi, wale ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sista huyo kijana alipelekwa kuwauguza katika hospitali za kijeshi, Voi kwanza, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Huko ndiko alikoijua dhiki ya ghafla kwa macho yake: mtu aliyekuwa analima shamba lake mwezi uliopita, sasa amelala sakafuni, anaharisha damu, hajui nyumbani ni upande gani. Alisafisha vidonda, alifunga bandeji, aliwalisha wasioweza kujiinua. Sala yake na beseni la maji ya moto vilikwenda pamoja, wala hakuona kwamba kimoja kinakipunguzia kingine heshima.

Vita vilipokwisha alikuja Gikondi, mwaka 1920, akakaa miaka 10. Ukitaka kujua nguvu za kuingia katika nyumba yenye tauni zilitoka wapi, itazame miaka hiyo, ambayo haina tukio la kushangaza watu. Alifundisha watoto kusoma. Alikwenda kwa miguu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na anayeijua Mukurweini anajua maana ya kushuka mpaka mtoni na kupanda tena kwa kutwa nzima. Alitembelea wazazi waliojifungua, wagonjwa na wazee. Akina mama wasiojua kuandika aliwaandikia barua kwa vijana wao waliokwenda kufanya kazi mbali, na majibu yalipokuja aliwasomea. Ni kazi ndogondogo, za kurudiwarudiwa, zisizo na shangwe. Tauni ilipofika hakuhitaji kuketi chini aamue kama yeye ni mtu wa kwenda au wa kukimbia. Alikuwa ameshakwenda katika nyumba hizo kwa miaka 10, na siku hiyo alikwenda tena.

Wakulima wa huku wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Matuta ya kuzuia mmomonyoko huchimbwa wakati wa kiangazi, jua likichoma na udongo ukiwa mgumu, na kingo zake hupandwa majani ya ng'ombe ili mizizi ishike. Anayengoja mpaka asikie ngurumo ndipo atafute jembe, mvua itamkuta bado anachimba. Ndivyo ilivyo kwa sala ya asubuhi isemwayo siku ambayo hakuna kinachouma, kwa msamaha unaotolewa kabla ugomvi haujazeeka, kwa kwenda kumwona mgonjwa asiye ndugu yako. Siku ya pigo mtu hana nafasi ya kujifunza kusali. Atashika kile ambacho kinywa chake kimekwisha kukizoea.

Historia ya milima hii imelithibitisha hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya waliondolewa kwa nguvu katika maboma yao wakasongwa katika vijiji vyenye mahandaki na miiba, nyumba zao nyuma yao zikichomwa. Walikuwapo Wakristo wa ule uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na walipopewa bunduki na serikali wakazikataa pia, wakisema damu ya Kristo iliyowaokoa haiwaruhusu kumwaga damu ya mtu. Kwa hiyo wakawa hawana upande wa kuwalinda, na baadhi yao waliuawa. Siwataji ili kuwahukumu wale waliopigania ardhi na uhuru, ambao mateso yao hayana mwisho wa kusimuliwa, na ambao wengi wao pia walisali huko msituni. Nawataja kwa sababu uamuzi wao ulidaiwa mlangoni usiku, kwa dakika chache, na mwenge umeinuliwa. Aliyejibu vile alikuwa ameshajibu moyoni mwake miaka kadhaa kabla ya usiku huo, katika mikutano ya kawaida ya kuungama na kupatana na majirani.

Lakini sitaki kumbebesha mtu mzigo mwingine, adhani kwamba siku ya msiba akikosa nguvu ya kusali basi imani yake ilikuwa bure. Yapo mapigo yanayozima kinywa. Nimewaona watu waliosali miaka yote wakashindwa kumaliza Baba Yetu mbele ya jeneza. Kwa watu hao Injili ina habari ya yule mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu akiwa juu ya godoro, amebebwa na watu wanne. Walipokuta mlango umejaa watu walipanda darini, wakatoboa, wakamshusha. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao, wale wabebaji. Mgonjwa mwenyewe hakuwa amesema neno. Ziko siku ambazo kumtegemea Mungu maana yake ni kulala juu ya godoro na kuwaachia wengine wakubebe.

Na huku kwetu wabebaji wapo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, familia chache za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba. Wapresbiteri wana vikundi vyao vya mitaa na chama chao cha akina mama, Waanglikana wana umoja wao wa akina mama, na makanisa ya kujitegemea yana yao. Ukitaka kuona kazi ya vikundi hivyo, usiende Jumapili. Nenda kwenye boma lililopata msiba jioni ileile. Kabla mwenye nyumba hajajua aanzie wapi, kuni zimeshafika, sufuria kubwa ya chai iko motoni, viti vinashushwa kutoka kwenye pikapu, na mtu mwenye mwandiko mzuri ameketi na daftari akiandika michango ya bili ya hospitali na ya mochari. Simu zinalia, M-Pesa inaingia, mia mbili kutoka kwa mjane, elfu kutoka kwa kijana aliyeko Qatar.

Na yuko ng'ombe. Mukurweini ni nchi ya maziwa, tangu wakulima walipogeukia ng'ombe baada ya bei ya kahawa kuanguka, wakaanzisha kikundi chao cha Wakulima mwaka 1990. Ng'ombe hajui kwamba kuna msiba. Saa ya kukamuliwa ikifika lazima akamuliwe. Ndipo jirani huja gizani, bila kuitwa, akakamua, akapima, akapeleka maziwa yapokelewe kwa jina la mfiwa, akarudisha debe likiwa limeoshwa. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunieleza vizuri hivyo jinsi Mungu anavyomshika mtu. Mfiwa akiulizwa baadaye alipataje kuimaliza ile wiki, mara nyingi atasema tu kwamba ni Mungu, na atakuwa amesema kweli, hata kama mikono aliyoiona ilikuwa ya jirani.

Mwaka 2020 tulinyang'anywa hata huko kukusanyika. Mwezi Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na mazishi yakawekewa idadi ndogo ya watu na haraka isiyo ya kawaida. Yalipofunguliwa Julai, waliruhusiwa watu 100 kwa ibada ya saa moja, na waliopita umri wa miaka 58 wakaagizwa wabaki nyumbani. Katika vijiji vyetu, ambako vijana wamekwenda mijini, agizo hilo liliwagusa wengi kati ya waliozoea kujaza mabenchi. Mabibi walibaki na redio, rozari na vitabu vya nyimbo ambavyo hawakuhitaji tena kuvifungua kwa sababu waliyajua maneno kwa moyo. Walisimama upande huu wa ua, jirani upande ule, wakaulizana hali, wakaombeana kwa sauti. Walikuwa wamejiwekea akiba bila kujua itakuja kuhitajika lini.

Neno jingine liwaendee wanaume wa vilima hivi. Tumelelewa tukiamini kwamba kulia ni udhaifu, na kwamba kumlalamikia Mungu ni kukosa adabu. Matokeo yake tunayaona: mwanamume anapoteza mke, au kazi, au mavuno, anakaa kimya, kisha kimya kinampeleka penye pombe haramu, na pombe inaua haraka kuliko huzuni. Biblia haikutuagiza hivyo. Zaburi nyingi ni malalamiko, yaliyoandikwa yaimbwe hekaluni hadharani. Yesu alilia machozi kwenye kaburi la Lazaro, akijua vizuri alichokuwa karibu kukifanya. Anayemlilia Mungu bado anazungumza naye. Mwite padri, mwite mchungaji, mwite mzee wa kanisa au rafiki unayemwamini, na useme wazi kwamba umeshindwa. Na kama huzuni imekukaa kifuani miezi, nenda pia kwa daktari.

Nirudi kwa imani yenyewe na kile inachotoa. Mwezi Januari 1989, huko Nipepe kaskazini mwa Msumbiji, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu zaidi ya 200, makatekista na familia zao, walizingirwa ndani ya kanisa kwa siku kadhaa. Maji yaliyokuwamo ni yale machache ya kisima cha ubatizo. Waliomba kwa jina la Sista Irene, na maji yale yakawatosha, wakanywa, hata mtoto aliyezaliwa humo ndani akaoshwa. Kanisa Katoliki lililichunguza jambo hilo likalikubali kuwa muujiza, na tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam akamtangaza Sista Irene kuwa Mwenyeheri mbele ya umati mkubwa.

Asiye Mkatoliki anaweza kulipokea hilo kwa namna yake. Mimi hutazama ukubwa wa kilichoombwa na kilichotolewa. Vita havikukoma siku ile. Amani ya Msumbiji ilitiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992, zaidi ya miaka mitatu baadaye, na wengi walikufa katikati. Waliozingirwa walipewa maji ya siku zile. Ndivyo pia Bwana alivyotufundisha kuomba: riziki ya leo. Hakutuahidi ghala la miaka 10, wala njia isiyo na mawe. Aliahidi kuwa nasi. Nguvu ya kuamka kesho baada ya mazishi hutolewa kesho yenyewe, na ya kuvumilia mwaka wa kwanza hutolewa kidogokidogo mpaka mwaka unaisha. Anayeitafuta yote usiku wa kwanza ataona hana kitu, akate tamaa bure.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama leo kwako ni siku tulivu, itumie. Sali sasa. Patana na uliyekosana naye sasa. Lipa bima yako ya afya, panda miti kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, kwa maana uangalifu haumtukani Mungu. Jiunge na jumuiya, na usiishie kutuma pesa kwa simu, nenda ukaketi na watu, nenda ukakamue. Na kama pigo limekwisha kukufika, usijilazimishe kuwa shujaa na usiogope kulia. Acha wakubebe. Omba ya leo tu, upokee ya leo, na kesho uombe tena.